Nilivyovuka Bwawa la Hombolo nikifuata matusi ya mtani wangu

Salaam wakuu, mnaoandika na mnaosoma kimyakimya kama mimi.

Nipo humu jukwaani muda mrefu ila sijawahi kuanzisha uzi. Elimu yangu ni ya darasa la saba na naandika polepole, kidole kimoja kwenye simu. Huu nimeuandika kwa jioni kadhaa. Yaliyomo yalinitokea mimi mwenyewe, na penye kitu nisichokikumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kilichonifanya niandike ni msiba uliotokea hapa Dodoma mwezi uliopita. Nitaufikia. Kwanza turudi nyuma miaka ya tisini.

Wakubwa humu mnaikumbuka miaka ile. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona, mitumba imejaa, kila mwenye kibanda ana kaseti na spika. Na shuleni wazazi walikuwa wameanza kuchangia.

Mimi nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye karakana ya seremala pale Makole. Bosi wangu aliitwa Fundi Shabani. Mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alikuja na misafara ya zamani kutoka Unyamwezi, akafika Dodoma akalowea.

Sasa, yeye Mnyamwezi, mimi Mgogo. Maana yake ni watani. Kwa msiojua, mtani wako anaruhusiwa kukusema lolote mbele ya watu na wewe huruhusiwi kukasirika. Unatakiwa umjibu.

Tatizo langu lilikuwa hapo kwenye kujibu.

Nilikuwa na aibu, wakuu. Aibu ya kweli, siyo ya kujifanya. Mteja akiingia karakana naangalia maranda yaliyo chini. Fundi alikuwa ananipiga vijembe kutwa nzima na mimi nacheka tu. Majibu mazuri yalikuwa yananijia nikishafika nyumbani, peke yangu, nikivua viatu.

Asubuhi namwambia, "Shikamoo Fundi."

"Marahaba Mgogo. Umeamka salama, au umeamka unaomba?"

Wimbo wake ulikuwa huo. Mnajua sifa tuliyopewa Wagogo, kwamba tunapenda kuomba. Fundi alikuwa anasema sisi mkono wa kulia tunazaliwa nao umekingwa. Nilikuwa nimeshamaliza miaka miwili kwake, hajawahi kuniita jina langu. Ni Mgogo tu, na hata wateja wakazoea.

Mwaka huo kanisa moja lilikuwa limezihifadhi familia chache za wakimbizi kutoka Burundi pale Mkonze. Walikuwa na kibali, wengi walikuja na wagonjwa kwa matibabu. Kibali kikawa kinaongezwa, miezi ikapita, watoto wakawa wanakaa tu.

Mmoja wa hao wakimbizi ni Mama Jenoroza. Kwao alikuwa mwalimu. Aliwakusanya wale watoto kwenye stoo ya kanisa akawa anawafundisha kwa mkaa ukutani.

Siku moja akaja karakana na binti yake, Imakulata, wa miaka kama kumi hivi. Akasalimia vizuri, akamuuliza Fundi bei ya dawati la shule.

Akaeleza. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani amekubali kuwapokea watoto wote Januari, ila waje na madawati. Na mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Kila mzazi wa pale alikuwa ametakiwa kuchangia dawati mwaka ule, na bado watoto wa madarasa ya mwanzo walikuwa wanakaa chini. Alisema, "Mama, nikiwaweka wageni juu ya viti vya watu, wazazi nitawaeleza nini?"

Madawati yalitakiwa kama kumi. Fundi akataja bei ya moja.

Mama Jenoroza aliinama akaokota kipande cha ubao, akakigeuzageuza, akauliza, "Hivi mnavyovitupa, Fundi, haviwezi kuungwa?"

Fundi, mtu wa maneno mengi, siku ile aligeuka pembeni. Akakohoa, akaenda kutafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni kwake.

Mimi nilijaribu. Niliunga vile vipande baada ya kazi nikatengeneza dawati moja. Lilikuwa limepinda kama mbwa anayejikuna. Imakulata alilikalia, akashika ubao kwa mikono miwili lisimwangushe, akasema limependeza. Nikaona heri angelicheka.

Basi kulikuwa na Sista mmoja mzungu aliyekuwa anawasimamia wale wakimbizi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Akasikia habari ya lile dawati, akaniletea kadi za michango. "Wewe kijana una moyo. Zungusha hizi mjini, watu watatoa."

Wakuu, nilikaa na zile kadi mfukoni mpaka pembe zikalainika kama kitambaa.

Kila nikitaka kumpa mtu, naisikia sauti ya Fundi: Mgogo kaja kuomba. Nilikuwa natoka nyumbani nimeamua, nafika dukani, nanunua kiberiti, narudi. Nyumbani vilijaa viberiti.

Wiki zikaenda. Sista akaja karakana kuuliza tumefikia wapi. Nilibaki naangalia maranda. Nadhani alielewa, maana alibadilisha mazungumzo. Akaanza kutueleza ya kwao.

"Kwetu wapo watu wanachangisha kwa kuogelea. Mtu anatangaza, nitavuka ziwa fulani. Watu wanaahidi, akifika ng'ambo tutatoa kitu fulani."

Fundi akaangua kicheko. "Sista, hapa ni Ugogo. Huku hata bata anakufa hajawahi kulowa!" Halafu akaninyooshea penseli. "Au tumtume huyu? Babu zake waliwatoza babu zangu hongo ya njia, ushuru wa kupita, kwa ajili ya kisima kimoja cha matope. Shanga, nguo, shaba, yote yakaishia kwenye kisima hicho. Ndiyo maji pekee wanayoyajua hawa!"

Karakana nzima ikacheka.

Sijui nini kilinipata. Nilisikia mtu anasema, "Mimi naweza." Kumbe ni mimi.

"Unaweza nini?" Fundi akauliza.

"Kuogelea. Naweza kuvuka Hombolo."

Randa zote zikasimama. Mpaka mteja aliyekuwa anachagua mlango akageuka.

Hapa nitoke pembeni kidogo, maana hata nyie mtashangaa Mgogo kajifunzia wapi kuogelea.

Kwetu ni kijijini upande wa Mtera. Nimekua nachunga ng'ombe kandokando ya lile bwawa kubwa. Kiangazi nyasi zikiisha upande huu, tulikuwa tunawavusha kwenye vichochoro vya maji kwenda upande wenye majani. Mchungaji anashika mkia wa dume la mbele, dume linaogelea, na yeye anavutwa. Ukishazoea unaachia mkia, unaogelea nyuma yao kichwa juu, macho kwenye pembe. Ng'ombe akiona majani ng'ambo hapotei. Anakwenda moja kwa moja.

Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna mtu wa mjini aliyejua.

Turudi karakana. Fundi akapanda juu ya benchi la kurandia kabisa. "Mashahidi mpo! Huyu Mgogo akivuka Hombolo, mbao na misumari ya madawati yote natoa mimi Shabani. Akishindwa, atazunguka soko zima anapiga debe, anatangaza kwa sauti kwamba maji yamewashinda Wagogo na Wanyamwezi ndio wakwe zao!"

Kuzama nilikuwa siogopi sana. Lakini kupiga debe sokoni? Usingizi ulipotea.

Habari ikasambaa mjini. Na hapa ndipo niliposhangaa. Watani walianza kuja wenyewe. Mzee Maganga, muuza nyama, Mnyamwezi mwenzake Fundi, akaja na panga lake kiunoni: "Nasikia kuna Mgogo anataka kuwa samaki. Akivuka natoa mbuzi, watoto wa wakimbizi wale pilau siku ya kufungua shule." Mwingine akaahidi vanishi. Mwingine madaftari. Mama mmoja muuza nafaka akaahidi mtama wa uji, "maana najua sitautoa."

Mimi sikumwomba hata mmoja wao. Walikuwa wanakuja kunicheka, na kila anayecheka anaacha ahadi. Kadi za Sista zilibaki mfukoni.

Mzee Maganga ndiye aliyeweka masharti. Nitatokea mwalo wa wavuvi wa upande wa pili, penye kijiti chenye kitambaa chekundu, siyo kwingine. "Akitokea kichakani atakuwa kasukumwa na upepo, hilo hata gogo linaweza." Mtumbwi utakuwepo wa kuniokoa, ila ukae nyuma yangu. Nikiugusa, imekwisha. Na mtu yeyote asinionyeshe njia, wa mtumbwini wala wa nchi kavu.

Nikakubali. Nilikuwa naona njia ni jambo dogo. Bwawa si linaonekana lote?

Jumapili nilikuwa nakwenda Hombolo kwa baiskeli kufanya mazoezi. Mvuvi mmoja kijana, Lameki, ndiye aliyekubali kuja na mtumbwi. Nilimuuliza kuhusu mamba. Akasema upande ule hajawahi kuona. Sikumuuliza mara ya pili. Nilikuwa naogelea kandokando ya ukingo, naenda na kurudi, pumzi inatosha. Nikajiona tayari.

Kabla ya siku yenyewe nilipita Mkonze kumwona Mama Jenoroza. Alikuwa ana wasiwasi. Alisema, "Mwanangu, madawati yanaweza kungoja. Wewe usife kwa ajili ya mbao." Lakini madawati hayakuweza kungoja, na yeye alijua. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wasipofika Januari, nafasi zitajazwa.

Imakulata alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akaniuliza, "Kaka, utaangalia mgongo wa nani?"

"Mgongo gani?"

"Sisi tulivuka mto Malagarasi. Mama aliniambia usiangalie maji, angalia mgongo wangu. Wewe utaangalia wa nani?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, siangalii mgongo wa mtu.

Siku ikafika. Tuliondoka mjini na lori la mchanga, tumejaa: watani, watoto wa Mkonze, Sista mbele na dereva. Mpango ulikuwa nianze kuogelea alfajiri, kabla upepo haujaamka. Lakini njiani tukapata pancha, spea nayo haina upepo. Tulipofika Hombolo jua lilikuwa limeshapanda na upepo unapuliza. Mnaujua upepo wa Dodoma mwezi wa kumi.

Lameki akaangalia maji akasema, "Tuahirishe."

Watani wakanitazama. Watoto wakanitazama. Fundi alikuwa anaangalia mawimbi.

Mimi kuahirisha kungenilazimu kusimama mbele ya watu wote wale na kuongea. Nikaona heri maji. Tukapanda mtumbwi na Lameki tukazunguka mpaka upande wa magharibi, nikavua shati, nikaingia. Wao wakabaki mwaloni, mashariki, wakinisubiri.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Maji ya Hombolo yana chumvichumvi, yanakubeba kidogo. Nilikuwa nakwenda kama nilivyozoea, kichwa juu. Kitambaa chekundu nilikuwa nakiona.

Halafu sikukiona tena.

Kosa langu, wakuu, lilikuwa hili. Nilikuwa naogelea kwenda mashariki, asubuhi, jua limenikaa machoni. Maji yote yalikuwa yanawaka kama bati jipya. Ukingo wa ng'ambo ukawa mstari mmoja wa kijivu, mwanzo hadi mwisho ni sawa. Na mawimbi madogo yalikuwa yananipiga usoni, kila nikiinua kichwa napata kofi.

Maisha yangu yote nimeogelea nyuma ya ng'ombe. Siku ile hakukuwa na pembe mbele yangu. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mimi kunyooka sijui. Aliyekuwa ananyooka ni ng'ombe.

Nikakumbuka swali la Imakulata. Utaangalia mgongo wa nani?

Nikaendelea kupiga mikono. Nikigeuka nyuma namwona Lameki kwenye mtumbwi, kakunja uso, haruhusiwi kusema. Mikono ikaanza kuwa mizito. Nikajiambia naenda sawa, naenda sawa. Kichwa nikawa nakiweka chini nipumzishe shingo, naogelea tu kama kipofu. Nilikuwa nimetulia, na sasa nikifikiria naona utulivu ule haukuwa mzuri.

Ndipo nikasikia.

"Yohana!"

Ilikuja na upepo, kutoka mbali, upande wa kulia kwangu. Tena. "Yohana!"

Nilisimama majini. Nilishtuka kuliko kama ningeona mamba. Ile ilikuwa sauti ya Fundi Shabani, na miaka miwili Fundi Shabani hajawahi kuniita Yohana. Sikujua hata kama analikumbuka jina. Nikajua moja kwa moja kwamba hali ni mbaya.

Nikaangalia. Sauti ilikuwa kulia kabisa. Mimi nilikuwa naelekea kushoto, kule bwawa linakopanuka na ng'ambo iko mbali zaidi. Ningeendelea hivyo nisingefika popote.

Kilichotokea mwaloni wakati ule nilisimuliwa baadaye na Mama Jenoroza. Anasema Fundi alipoita jina mara ya pili, Mzee Maganga alimshika mkono. "Shabani, masharti! Unamwonyesha njia."

Fundi akamtazama. Akasema, "Nani anamwonyesha njia? Mimi namtukana mtani wangu. Hilo nalo mmelikataza?"

Maganga akamwachia mkono. Hakuna sharti lililokataza kutukana. Na hakuna mtu wa Dodoma anayeweza kumzuia mtani asimtukane mtani wake.

Fundi akaingia majini na kanzu yake, mpaka kiunoni, akasimama sawasawa mbele ya kile kijiti. Akaanza.

"Wee Mgogo! Hayo ni maji, siyo mlenda, usiyameze!"

Nikageukia sauti.

"Nyoosha mkono! Nyoosha! Si ndivyo mnavyonyoosha mkiomba? Leo umekuwa mfupi?"

Nikanyoosha mkono.

"Ng'ombe wako wako huku, nawakamua mimi! Maziwa nakunywa na Maganga!"

Upepo ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu, ule ule uliokuwa unanisukuma ndio ukawa unaniletea sauti. Nilifumba macho kabisa. Jua halikuwa na kazi tena. Tusi likija usoni, najua nimenyooka. Likija sikioni, najua nimepinda, najirekebisha. Nilikuwa naogelea nyuma ya Fundi Shabani kama nilivyokuwa naogelea nyuma ya lile dume la nyumbani.

Alinitukana mimi, akatukana ukoo, akatukana ugali wa uwele, akatukana ngoma zetu, akatukana mbuyu wa kwetu ambao hajawahi kuuona. Akimaliza anaanza upya. Watu wa mjini mnajua mtu akitukana muda mrefu anaishiwa. Yeye hakuishiwa. Sauti ikaanza kukwaruza, lakini ikaendelea kuja.

Goti langu likagonga tope.

Sikuweza kusimama. Nilitambaa nikalala kifudifudi, nusu majini, nusu nchi kavu. Nilisikia watoto wanapiga kelele. Halafu nikasikia Mzee Maganga.

"Jamani, tusidanganyane. Kijiti kiko kule. Huyu katokea huku kwenye mawe. Sharti ni sharti."

Nikainua kichwa. Ni kweli. Kitambaa chekundu kilikuwa pale, hatua chache kutoka nilipolala. Mwishoni kabisa nilikuwa nimepinda.

Niliwaona watoto, nikamwona Imakulata ameshika kanga ya mama yake. Nikajaribu kunyanyuka nikashindwa.

Fundi alitoka majini, kanzu imemgandia mwilini. Akaenda kwenye kijiti. Akakichomoa. Akaja nacho mpaka nilipo, akakichomeka kwenye tope karibu na sikio langu, akakishindilia kwa kisigino.

Akafungua mdomo kusema, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Ikatoka kama msumeno butu: "Mwalo... uko... hapa."

Akamgeukia Maganga, akasubiri.

Mzee Maganga alikiangalia kijiti, akaniangalia mimi, akamwangalia Fundi. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mpaka akashika magoti. "Haya bwana. Mbuzi wangu kaliwa."

Fundi akachuchumaa. Akaninong'oneza, maana zaidi ya hapo hakuweza: "Mgogo wewe. Umeomba mpaka maji yamekupisha."

Nilitaka kumjibu. Jibu sikulipata.

Madawati tuliyatengeneza sisi wenyewe pale Makole. Fundi alitoa mbao kama alivyoahidi na hakuruhusu kipande hata kimoja chenye ufa. Wiki nzima ya kwanza alikuwa hana sauti, anafanya kazi kwa ishara, na karakana ilikuwa na amani ambayo haijawahi kuonekana. Ahadi zote zilikuja. Yule mama wa mtama aliuleta mwenyewe, analalamika njia nzima.

Siku ya kufungua shule tulipeleka madawati kwa mkokoteni. Imakulata alichagua lake. Alikaa, akaliachia, akainua mikono yote miwili juu kuonyesha kwamba halitikisiki. Mwalimu mkuu akawagawa watoto, mgeni mmoja na wenyeji wawili kila dawati, kwa hiyo hakuna aliyejua dawati ni la nani.

Baada ya miaka kadhaa wale wakimbizi walirudi kwao, familia baada ya familia. Imakulata alikuwa ameshamaliza la saba na kuendelea mbele. Nilisikia amekuwa mwalimu kama mama yake. Sina uhakika, lakini naamini.

Mimi nilibaki kwa Fundi mpaka nikafungua karakana yangu. Aliendelea kuniita Mgogo. Lile jina langu sikulisikia tena mdomoni mwake.

Mwezi uliopita Fundi Shabani alifariki. Uzee tu, alilala hakuamka.

Nilifika msibani mapema, nikakaa nyuma kama kawaida yangu. Mnajua desturi: kwenye msiba mtani ana kazi. Anatakiwa atanie, wafiwa wapate kupumua. Mtoto mkubwa wa Fundi alinifuata, akaniinamia: "Baba alisema siku yake ikifika, mtani wake ni wewe. Asiwe mwingine."

Nilimwambia siwezi. Akasema, "Alijua utasema hivyo."

Jeneza likanyanyuliwa. Wabebaji wakaanza kwenda mlangoni. Watu wamejaa mpaka barabarani, wazee, masheikh, wateja wa zamani. Nikaona linakaribia kutoka na mimi nimekaa.

Nikasimama. Nikaenda nikatanda mlangoni, mikono huku na huku.

"Halitoki!" Nilisikia mtu anapiga kelele. Safari hii nilijua ni mimi. "Hapa ni Ugogo! Mzigo haupiti bila hongo ya njia!"

Wabebaji wakasimama. Watu wakageuka wote. Sikuangalia chini.

"Mnyamwezi wewe! Babu yako kabeba mizigo kutoka Tabora! Baba yako kabeba! Wewe umebeba mbao maisha yako yote! Leo hii unabebwa? Nani kakufundisha uvivu?"

Kikatoka kicheko kutoka kwa wanawake ndani, kicheko kilichochanganyika na kilio. Mzee mmoja akajifuta macho kwa kofia. Sheikh akainamisha kichwa, nikaona mabega yake yanatikisika.

Sikunyamaza. Majibu yote niliyokuwa nayapata nikivua viatu, miaka yote ile, nilimpa siku ile. Nikamtukana kwa kicheko chake, kwa penseli aliyoitafuta ikiwa sikioni, kwa kanzu yake iliyolowa. Nilimtukana mpaka watoto wake walipoleta hongo. Walinipa randa yake, ile ya mti aliyokuwa haruhusu mtu kuigusa.

Nikaipokea kwa mkono wa kulia, nikiwa nimeukinga. Nikapisha njia.

Tuliporudi kutoka makaburini, mtu aliniuliza kitu na sikuweza kumjibu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Wakuu, nilichojifunza siyo kikubwa. Kwa miaka mingi nilidhani mimi ndiye niliyevuka bwawa lile. Watoto walipata madawati kwa sababu mtu mmoja alijua mimi siwezi kuomba, akanifanyia mzaha mpaka mji mzima ukatoa. Na nilipopotea aliniita kwa njia pekee ambayo hakuna aliyeweza kumkataza. Kama kuna mtu anakukera kila siku kwa maneno, sikiliza vizuri yanatokea upande gani kabla hujamnunia.

Na wenye aibu kama mimi, jibuni watani wenu mapema, wakiwa wanasikia.

Wenye kumbukumbu za Hombolo au Makole ya miaka ile, karibuni mchangie. Wanyamwezi na Wasukuma mliomo humu, najua mmeshaanza kuandika. Karibuni pia. Leo najibu, ila mnivumilie, ni kidole kimoja.